Ukuta Uliomkataa Mama Mkwe

Rael aliyachukia maji kuliko paka anavyoyachukia. Msimlaumu. Alizaliwa Rukala, ambako mto Nzoia ukifurika huingia nyumbani bila hodi, na maji yakipungua wanawake huanza upya kukandika kuta zilizogeuka matope. Alipoolewa na Nicholas huku kwetu Burumba, miaka michache baada ya uhuru, aliapa kwamba nyumba yake ataisiriba mara moja tu, basi. Mimi jirani yake nilicheka hadi nikashika mbavu. Nilimwona mvivu, na hadi leo nina hakika uvivu ulichangia.

Ila uvivu wake ulikuwa na kazi nyingi. Kule Rukala, mahali wanawake walipofulia nguo, alikuwa ameona kwamba udongo ulioshiba povu la sabuni ukikauka haunywi tena mvua. Matone yanaviringika juu yake na kwenda zao. Basi akaanza majaribio jikoni. Alichota udongo wa mfinyanzi bondeni, akaukanda na maji ya sabuni ya mche, huu sabuni nyingi, ule kidogo, akafanya vibonge na kuvianika. Vikikauka anavivunja na kuvichungulia kwenye jua.

Siku moja aliniita nione. Udongo mtupu ulikuwa na tabaka nyembamba zilizolaliana kama chapati, na alipoutia majini ulisambaratika. Kibonge cha sabuni kilikaa majini kimetulia, lakini alipokidondoshea mafuta kikayanywa.

"Sabuni imeingia katikati ya hizi tabaka, dada," aliniambia. "Imeketi huko, inafukuza maji, inakaribisha mafuta."

Nilimwambia aende apike. Nicholas, ambaye alikuwa turnboi, yaani utingo, wa malori ya Malaba, alirudi na njaa zake, akauma kibonge kimoja akidhani ni kitumbua. Alitoka mbio hadi uani akitema povu.

Ukuta ukasiribwa. Mvua za masika zikaja, zikazila kuta zetu sote, na wake ukabaki safi kama sahani iliyooshwa. Nilimwonea wivu, nasema wazi.

Sasa, katika boma la akina Nicholas kulikuwa na desturi yao. Mama mkwe huja na wanawake wenzake, huku wakiimba, kuusiriba ukuta wa mkamwana kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Kiganja chake kikishika ukutani, basi mkamwana amekuwa mtoto wa pale. Mama mkwe mwenyewe alikuwa Perez, mama wa mwili na sauti, mwimbishaji wa kanisani. Rael alikuwa bado hajaijua desturi hiyo, na hakuna aliyemwambia.

Siku yenyewe ilipofika, Perez alichota fungu, akalibandika ukutani, pa! Likateleza likamwangukia miguuni. Akabandika lingine, likafuata lile la kwanza. Akakasirika, akasukuma kwa nguvu zake zote. Mkono ukateleza, naye mwenyewe akaufuata, akaketi ndani ya karai. Wimbo ulikatika. Kicheko kilichosikika kilikuwa changu, Mungu anisamehe.

"Hii ukuta inanikataa?" Perez aliuliza kutoka kwenye karai. "Inakataa mkono yangu?"

"Hapana mama, inakataa maji tu," Rael akajibu.

"Kwani mimi ni maji?"

Siku hiyohiyo akatuma ujumbe Rukala: njooni mchukue mtoto wenu. Nicholas, kati ya mama na mke, aligundua kwamba ana safari ya haraka sana Malaba. Rael alilia machozi ya kweli. Alimpenda yule mwanamume, pamoja na safari zake za haraka, na kurudishwa kwao kwa sababu ya sabuni ilikuwa aibu isiyosimulika. Roho iliniuma.

Alipomaliza kulia akapangusa pua, akachukua mafuta yake ya simsim, akayachanganya na udongo mwekundu uliosagwa, kisha akaenda kupiga magoti mbele ya Perez.

"Mama, mkono yako haina makosa. Ni mimi sikukuambia ukuta yangu inakula nini."

"Ukuta inakula?"

"Inakula mafuta, mama."

"Hata mimi napenda mafuta," Perez akasema.

Akaja, akachovya kiganja, akakibandika. Kikashika. Akapamwagia maji kwa kibuyu. Maji yakateremka, alama ya kiganja ikabaki. Akabandika kingine, na kingine, akavuka dirisha, akazunguka kona, mpaka Rael akabaki bila tone la mafuta ya kupikia.

Hapo ndipo akafika mzee Methuselah, baba mdogo wa Rael, na wenzake kutoka Rukala, wamechoka na wamejaa maneno. Perez aliwapokea mlangoni, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Mmekuja kuchukua nani?"

"Mama, si wewe umetuita? Ulisema mtoto wetu amekukosea."

"Amenikosea sana. Ameweka nyumba yake sawa, yangu bado inakulwa na mvua. Ataenda wapi kabla hajanimalizia?"

"Na akimaliza, tumchukue?"

"Akimaliza yangu kuna jikoni. Halafu kuna ghala. Halafu kuna kanisa." Perez alimshika mzee mkono, akamwachia rangi yote. "Ingia ukule, mzee. Mtoto wako hayuko hapa. Huyu ni wangu."

Rael alikuwa nyuma ya mlango, nguo zake amezifunga kwenye leso tangu asubuhi. Aliliweka chini lile furushi, akaenda kukimbiza kuku wa kuchinjia wageni.