Dawati la Saba, Nafasi ya Pili

Ukuta unaotenga darasa langu na la Mwalimu Asteria haufiki darini. Fundi aliishiwa matofali, akasema atarudi, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Mimi nafundisha darasa la tatu, yeye la kwanza. Kila anachosema nakisikia, na wanafunzi wangu nao wanakisikia, kwa hiyo watoto wa shule yetu husoma darasa la kwanza mara mbili.

Asteria Ndunguru si mtu wa pwani. Alizaliwa Mbinga, kwenye kahawa, akaletwa hapa Kerege na barua ya uhamisho akiwa bado msichana, na hajaondoka. Sasa ana miaka hamsini na minne. Ishirini na saba kati ya hiyo ameimalizia darasa la kwanza, darasa ambalo sisi wengine tunalikwepa kwa sababu ya makamasi. Medard, mwalimu mkuu wetu, aliwahi kumpa darasa la sita kama zawadi. Alilirudisha baada ya wiki moja, akisema watoto wale wameshajua kusoma, sasa yeye awafanye nini.

Kilichomwingiza matatani ni kitabu. Siku moja, mwaka juzi, alimshikisha mtoto kitabu juu chini kwa bahati mbaya, na mtoto akasoma vizuri kabisa: baba analima, mama anapika. Akampindulia wa pili, naye akasoma. Darasa zima lilisoma kitabu kilichosimama kwa kichwa bila kukosea neno. Walikuwa hawasomi, walikuwa wamekariri. Baba angeendelea kulima hata kama ukurasa ungekuwa mtupu.

"Mwalimu Mikdad," aliniita kupitia ule uwazi wa juu, "miaka yote hii nimefundisha kasuku."

Nikamwambia asijitese, hata kasuku wana faida yao. Hakucheka. Wiki nzima hakunisalimia vizuri.

Halafu akaja na wanyama wa usiku. Hoja yake ilikuwa hii: mtoto akiona picha ya ng'ombe, haangalii herufi, kwa kuwa ng'ombe anamjua. Lakini kuna wanyama ambao kila mtoto wa Kerege amewasikia akiwa kitandani na hajawahi kuwaona. Hao hawana picha kichwani. Ukitaka kujua ni nani aliyelia juu ya paa jana, sharti uzifuate herufi mpaka mwisho. Akakata kadi za manila, akaandika popo, komba, fisi, nungunungu, kakakuona, bundi, akazitundika ukutani, na nakala ndogo akawapa watoto waende nazo nyumbani. Hakuchora hata sikio.

Nasema kweli, ilifanya kazi. Nilisikia kwa masikio yangu. Watoto waliokuwa wakiimba masomo kama kwaya sasa walisoma polepole, kwa hofu, silabi moja moja, na walipofika mwisho wa neno walipiga kelele za kumtambua aliyewanyima usingizi. Darasa langu la tatu lilikuwa likiacha hesabu kusikiliza.

Wazazi nao wakasikiliza. Kikao kiliitishwa, na mimi ndiye niliyeandika muhtasari, kwa hiyo naukumbuka. Popo alipita bila kupingwa, maana tayari anaishi kwenye dari la shule na hajawahi kumkosea mtu zaidi ya kuchafua madawati. Komba aliruhusiwa kwa sharti kwamba watoto waambiwe ni mlevi anayekunywa tembo la watu minazini. Fisi asisomwe siku ya Ijumaa. Mzee Bwanausi, mwenyekiti wa kamati ya shule, alitaka chini ya nungunungu iandikwe kwamba ni mwizi wa mihogo, na akataja shamba lake kama mfano. Kakakuona alishangiliwa.

Tukafika kwa bundi. Akasimama Bi Mwaija, bibi yake Mwanabaraka wa darasa la kwanza, mama wa miaka sabini na moja ambaye hata mwenyekiti humwamkia kwa kuinama.

"Mwalimu, nyumbani kwangu yule ndege hatajwi," alisema. "Wewe umemwandika kwa wino mwekundu. Mjukuu wangu halali. Usiku kucha tuko macho kwa ajili ya kadi zako."

"Shikamoo, Bi Mwaija," alisema Asteria. "Mtoto anaogopa?"

"Marahaba. Sijasema nani anaogopa. Nimesema mtoe."

Walibishana hadi adhana ya alasiri. Asteria hakukubali kuitoa kadi, na Bi Mwaija hakukubali ionekane, kwa hiyo iliamuliwa ibaki ukutani ikiwa imegeuzwa, maandishi yakiangalia saruji. Bi Mwaija aliweka dole gumba kwenye muhtasari na kuondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo ukutani palikuwa na kadi tano za kusomwa na moja ya kutosomwa, na kila mtoto aliijua hiyo ya sita kuliko zote.

Hayo yangeishia hapo, isipokuwa shule yetu iliingizwa kwenye mradi wa kusoma, wenye jina refu ambalo hakuna aliyelishika. Mradi ulileta barua. Mtahini atakuja, atachagua wanafunzi kumi wa darasa la kwanza, na wanane wakisoma, mwalimu anaendelea. Wakipungua, darasa litakabidhiwa kwa mtu aliyehudhuria semina ya mradi, na mwalimu wa zamani atafutiwa shughuli nyingine. Kwa hapa shughuli nyingine ni stoo ya vitabu.

Asteria alinisomea barua hiyo akiwa amekaa kwenye kidawati cha watoto, magoti yakigusa kidevu.

"Wakinitoa darasa la kwanza, Mikdad, mimi nitakuwa nani?"

Nilikuwa na utani wangu tayari, wa watu wa bara na kahawa yao, lakini niliuacha. Nilimwonea uchungu kwelikweli.

Siku ya mtahini ilifika, na siku hiyohiyo, saa mbili asubuhi, Mzee Bwanausi alimkuta kakakuona kwenye mihogo yake.

Kwetu kakakuona akionekana haachwi hivi hivi. Anawekewa vitu mbele yake, na kile atakachokiendea ndicho kitakachotawala mwaka. Akienda kwenye bakuli la maji, ni mvua. Panga ni vita, mahindi ni shibe. Mzee Bwanausi alimtia kwenye tenga, akalifunika kwa kanga, akapanda bodaboda, na badala ya kumpeleka kwake akamleta shuleni. Alisema mnyama huyu ni wa somo la Mwalimu Asteria, na kamati ilishampitisha. Medard akawapigia simu watu wa maliasili, maana huyo ni mnyama wa serikali na kumshika ni kesi. Wakasema wanakuja, asisogezwe tena.

Asiposogezwa, basi atabaki alipo, na alipo palikuwa meza ya Asteria. Kabla ya saa tatu kijiji kilikuwa kimejaa darasani. Wazee walikalia madawati ya nyuma ili waone vizuri, watoto wa huko wakashushwa sakafuni. Mezani kulikuwa na bakuli, panga, mahindi na pakiti ya chumvi ambayo hakuna aliyejua maana yake. Mimi niliongeza kipande cha chaki. Katikati alikuwa kakakuona, amejikunja mviringo, magamba yamefunga. Alikuwa amelala. Ni mnyama wa usiku, na huo ulikuwa mchana, jambo ambalo lilikuwa limefundishwa katika chumba hichohicho mwaka mzima, lakini wazee hawakuwapo.

"Msipige kelele," alinong'ona Mzee Bwanausi. "Akiamka kwa kushtuka atachagua panga."

Ndivyo mtahini alivyotukuta. Aliitwa Jasmin, binti nadhifu mwenye viatu vyeupe, na alisimama mlangoni akiwa na kishikwambi mkononi kama mtu aliyeshika sinia. Alilipiga picha darasa zima, safu kwa safu, kama mradi ulivyomwelekeza. Kishikwambi kikawaza kidogo, kisha kikatoa orodha ya madawati kumi.

"Mwanafunzi atasoma kadi moja ya ukutani nitakayoichagua," alisema.

"Sema polepole, mwanangu," alisema Mzee Bwanausi. "Kuna aliyelala."

Mtihani ukafanyika kwa minong'ono. Bahati ya Asteria ilikuwa kwamba safu za mbele zilibaki za watoto, na madawati tisa ya kwanza ya orodha yalikuwa huko. Walisoma popo kwa kunong'ona. Walisoma komba, na mmoja akaongeza kwa kunong'ona kwamba ni mlevi. Wa nne alishindwa, hakuweza kuondoa macho mezani hata nukta moja. Wa saba alianza fisi vizuri, akakumbuka leo ni Ijumaa, akafunga mdomo, na Jasmin akamwandikia sifuri. Tisa walipokwisha, saba walikuwa wamesoma. Asteria alisimama kando ya ubao akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Alihitaji mmoja tu.

"Dawati la saba, nafasi ya pili," alisoma Jasmin.

Pale palikuwa pamekaa Bi Mwaija.

Asteria alisogea haraka. "Hapo ni mahali pa Mwanabaraka, mjukuu wake. Yule pale chini. Anasoma vizuri sana."

"Picha imeshapanda," alisema Jasmin.

"Si unaweza kupiga nyingine?"

"Ikishapanda haishuki. Kwenye mfumo, mwanafunzi wa hapo ni huyu." Akamwangalia Bi Mwaija, akaangalia kishikwambi, akamwangalia tena. "Hakina sehemu ya kuandika umri."

Tulimsihi Bi Mwaija asimame, akakataa. Akisimama ataukosa mwaka. Jasmin naye alikuwa na shule mbili nyingine kabla ya jioni, na hakutaka mzaha. Akapita ukutani akitafuta kadi, na kwa kuwa kadi moja ilikuwa imefichwa uso, akadhani mwalimu ameficha neno gumu. Akaigeuza.

Mwanabaraka, pale sakafuni, alijifunika macho kwa viganja.

Mimi nilijua yamekwisha. Nimeona dole gumba la mama huyu kwenye kila muhtasari wa shule hii. Msahafu anausoma bila kukwama, tangu utotoni, lakini herufi za shule hakuna aliyemfundisha. Na hata kama angezijua, angekufa kabla ya kulitaja hilo. Nikamtazama Asteria, na Asteria alikuwa anatazama mlango wa stoo, ng'ambo ya uwanja.

Bi Mwaija aliikazia kadi macho.

"Bu," alisema.

Akasogeza kidole hewani.

"Ndi," alisema Bi Mwaija. "Bundi. Astaghfirullah."

Jasmin akabonyeza kishikwambi chake.

"Bi Mwaija," nilisema, "kumbe unasoma?"

"Nani anasoma? Najua neno moja." Alikuwa amekasirika, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Mtoto huyu hurudi na kadi zenu, nami humwambia, hebu nionyeshe na mimi. Kila siku baada ya isha. Ananishika kidole kukipitisha, kama nilivyomshika mimi kwenye alifu. Miezi mitatu sioni kitu. Halafu siku moja akaniwekea kadi, akaenda kunywa maji, nami nikaisoma mwenyewe. Peke yangu. Neno la kwanza tangu nizaliwe." Akainyooshea kadi kidole. "Likawa hilo. Miaka sabini na moja nimesubiri, nafungua kinywa, namwita yule ndege ndani ya nyumba yangu. Ningefurahije? Nikasema mkosi huu, shule yenyewe hainitaki. Nikawajieni kikaoni."

Mwanabaraka aliondoa viganja usoni. "Nilimwambia aendelee na komba," alisema. "Akasema hapana."

Mwalimu Asteria alilia, sisemi uongo, alilia mbele ya mwalimu mkuu na mtahini na mwenyekiti wa kamati. Kisha akajifuta kwa ile kanga yenye chaki, akabaki na mashavu meupe, na akapiga goti kando ya dawati la saba.

"Nikupe jingine, bibi?"

"Nipe, mwanangu. Sitaki kufa na hilo moja."

Asteria akatungua kadi nyingine. Wakati huohuo watu wa maliasili walitokea mlangoni, wawili, na kasha la mbao. Mzee Bwanausi akawainulia mkono wasiingie. Wakasimama, wakavua kofia, sijui kwa nini, na Bi Mwaija akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Ka," alisoma. "Ka. Ku." Hapo alikwama kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha chai. Mjukuu wake alitaka kumsaidia, Asteria akamkataza kwa jicho. "O. Na." Akainua kichwa, akaangalia meza, na uso wake ukafunguka. "Kumbe ni wewe," alimwambia kakakuona.

Ndipo watu wa maliasili wakaingia kumchukua. Hakuwa amefungua hata gamba moja. Bakuli lilibaki na maji yake, panga, mahindi, pakiti ya chumvi na chaki yangu vilibaki pale pale. Mzee Bwanausi alifikiri, akatangaza kwamba mwaka huu utakuwa wa usingizi, na wazee wakaenda zao wameridhika.

Jasmin alipeleka majibu, wanane kati ya kumi. Majina kwenye mfumo hayabadiliki, kwa hiyo daftari la mahudhurio la Mwalimu Asteria sasa lina watoto tisini na sita na mmoja wa ziada. Kadi ya bundi inaangalia darasa. Bi Mwaija alisema hakuna haja ya kumficha mtu ambaye mmeshajuana.

Kila asubuhi anapita mbele ya mlango wangu, daftari kwapani, Mwanabaraka akimvuta mkono. Namwamkia shikamoo, Bi Mwaija. Zamani angesimama, angeniuliza habari za mke, za watoto, za mama yangu kule Dunda. Siku hizi ananijibu marahaba akiwa ameshanipita, maana kengele imelia.