Jua la Sebuleni

Fabian aliendesha gari la watalii miaka thelathini na moja, akiteremka nao kreta kutazama wanyama asubuhi na kuwarudisha Karatu jioni, na neno alilolisema kuliko yote lilikuwa: "Usifungue dirisha." Alipostaafu, wote waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wameshapanda ndege wakarudi kwao. Akabaki na kasuku mmoja, aliyeachiwa na mwenye hoteli aliyehama nchi. Alimwita Mgeni.

Mgeni alijua kusikiliza. Fabian alimweka sebuleni mbele ya kioo kikubwa cha dirisha, akamsimulia habari za faru na simba kutwa nzima, na kasuku akajibu kwa sauti ileile ya mzee: "Usifungue dirisha." Fabian akaona amepata mwanafunzi.

Halafu manyoya yakaanza kupukutika, miguu ikawa inatetemeka. Daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe, alikuna kichwa, akasoma kwenye simu yake, akasema ndege amekosa jua na mifupa inalegea.

"Jua gani tena? Anakaa dirishani tangu asubuhi," Fabian alisema.

"Kioo kinapitisha mwanga, mzee, ila ile miale anayoihitaji kinaizuia. Mtoe nje nusu saa asubuhi, au nunua taa yake maalumu uiweke karibu naye."

Nje kulikuwa na vumbi, mwewe, na kuku wa Hyasinta, mpwa wake aliyetoka Endamarariek kuja kumtunza. Ndege wa hadhi ile akakae na kuku? Fabian aliagiza taa, akaitundika darini katikati ya sebule, mahali ambapo majirani wangeiona vizuri na kasuku asingepata chochote. Umeme ulipozidi kukatika, akafunga sola. Basi jua la Karatu likawa linapiga paa, linaingia kwenye betri, linapanda kwenye taa, linaishia kwenye zulia.

"Mjomba, toka nje," Hyasinta alimwambia kila asubuhi, maana magoti ya mzee nayo yalikuwa yamekaza kwa kukaa ndani. Mjomba alijibu kwamba nyumba hii ina jua lake.

Siku Mgeni alipoanguka kutoka kwenye kijiti chake, Fabian aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa simba. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Hyasinta hakungoja ruhusa. Alibeba tundu akaliweka uani, nusu juani, nusu kivulini, na kuku wakalizunguka. Akafanya hivyo kila asubuhi. Mzee alibaki nyuma ya kioo, akimlinda Mgeni na mwewe kwa macho tu.

Baada ya wiki kadhaa Mgeni alikuwa ameshika kijiti imara, manyoya yanachipua. Fabian alifurahi hadi machozi yakamlenga. Akafungua dirisha kidogo ili amsikie Mgeni akilisema neno lake la siku zote.

Kasuku alimtazama kwa jicho moja, kisha akasema kwa sauti ya Hyasinta: "Mjomba, toka nje."

Ilimuuma. Akatafuta kofia yake, akatoka na kiti.