Sifuri ya Baba na Dirisha la Bibi

Dirisha la Bibi lilitugharimu beberu mmoja, madebe mawili ya maharage na ukuta uliokuwa haujakauka vizuri. Nimehesabu mara mbili, jibu ni hilo hilo. Wenzangu mliosoma Karatu enzi zile, gari la watalii likipita kwenda kreta ya Ngorongoro darasa zima linakohoa vumbi jekundu, mtaelewa kwa nini naanzia kwenye bei.

Pale kijijini kwetu Daa hatukuwa na rula za dukani. Mwalimu wetu wa hesabu, Mchagga aliyekuja na baiskeli na koti moja, alituagiza kila mtu akate fito ya mita moja na kuichoma alama kumi kwa msumari wa moto, kila alama desimita moja. Asubuhi, ukungu bado umelala shambani na midomo inanuka uji, tulisimama mstarini tukiimba kwa makofi: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita! Ni nyumba saba, alisema Mwalimu, na kila nyumba ni kumi za jirani anayeifuata. Ukishuka nyumba moja zidisha kwa kumi, ukipanda gawanya. "Na nyumba isiyo na mtu iwekeeni sifuri," alionya. "Msipoiweka, jirani atahamia." Aliyekosea alichapwa kwa mita yake mwenyewe. Ndiyo maana tulikata miti inayovunjika upesi.

Mwaka huo Baba alikuwa akimjengea mama yake chumba. Bibi alikuwa ameishi miaka yote kwenye tembe lenye moshi, na sasa kifua kilimbana hadi sentensi moja aliigawa mara tatu. Mganga wa zahanati alisema ahamishiwe penye hewa kabla ya masika. Moshi na baridi vikikutana, hatavuka. Kuta zilikuwa zimesimama, tundu la dirisha limeachwa wazi. Nikalipima kwa fito yangu: kwenda juu mita moja, upana mita moja na sentimita tano. Baba hakujua kusoma, vipimo alivibeba kichwani, kwa hiyo nikamkaririsha: moja nukta sifuri tano.

"Hii sifuri ina kazi gani?" akauliza.

"Ni nyumba ya desimita, Baba. Haina mtu."

"Haina mtu, halafu niibebe mpaka Karatu? Fundi akisikia namba ndefu atapandisha bei."

Mama akacheka kutoka jikoni. "Baba Paskali, mbebee mtoto sifuri yake. Haina uzito!"

Hakuibeba. Baba hakuwahi kulipa bei ya kwanza, hata ya chumvi, na alivyotusimulia mwenyewe, alimwambia seremala "moja nukta tano" kisha wakavutana mpaka jua la utosi. Seremala alitaka mabeberu wawili. Baba akampa mmoja na yale maharage, akarudi akipiga mluzi.

Wiki mbili baadaye punda alileta dirisha. Tulipoliegemeza kwenye tundu, lilizidi kwa sentimita arobaini na tano. Mawingu yalikuwa yameshashuka juu ya Ngorongoro. Kulirudisha Karatu na kusubiri jingine kungetuingiza kwenye mvua, na Bibi angebaki kwenye moshi. Baba akalizunguka dirisha, akanitazama, akatazama mbingu, akachukua jembe akaanza kubomoa ukuta wake mwenyewe. Majirani wakaja bila kuitwa. Wanaume wakashika fremu, sisi watoto tukakanyaga tope mpaka magotini, na tulikandika donge la mwisho matone yakianza kudondoka.

"Nimelipa beberu mmoja kwa dirisha la mabeberu wawili," Baba akatangaza, tope mpaka kwenye nyusi. "Hizo arobaini na tano nimezipata bure."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

Tukamhamisha Bibi na kitanda chake. Siku chache baadaye, asubuhi, tulimsikia akiwaita ng'ombe wanapotoka kwenda malishoni, mmoja mmoja kwa majina, mpaka ndama wa mwisho, bila kupumzika. Baba akageuka, akajifanya anakagua bawaba. Bibi alikula mavuno matatu zaidi akiwa mbele ya dirisha lile.

Vijana wa leo simu inawabadilishia vipimo kabla hawajamaliza kuuliza. Mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu Paskali, aliniuliza juzi, "Shangazi, desimita nayo inatumika wapi?" Huyo huyo ndiye anayetaka kuweka dirisha la alumini kwenye chumba kile na kuziba sentimita hamsini za upana, ibaki mita moja. Amepima bila kukosea, nimehakiki mara mbili. Enzi zetu tulikosea, tukabomoa, mgonjwa akaona nje. Siku hizi hawakosei, na ukilala kwenye vyumba vyao huoni hata mkia wa ndama. Matofali yameshashushwa, fundi anakuja Jumatatu, na nyumba sasa ni ya kijana, si yangu. Nimekataa bei nyingi maishani, lakini hili sijui nalipunguzia wapi. Ninyi mliobakiwa na vyumba vya wazee wenu, hebu nishaurini: nimwambie nini mtoto huyu?