Kistari Si Sifuri

"Hakuna bei ya hisa iliyopita nchi hii bila kupitia mkono huu!" Mtunza kumbukumbu wa soko la hisa alitamba hivyo siku ya kuagwa, mbele ya wakurugenzi na keki iliyokosewa jina lake. Amestaafu, lakini kila asubuhi yumo katika chumba cha majalada, analamba kidole, anafunua taratibu, kama anayefunua mtoto aliyelala, karatasi za enzi ambazo madalali walinadi hisa kwa mayowe. Jana meneja kijana alifika na maboksi, majalada yakasagwe.

"Mzee wangu, yote yamo kwenye kompyuta."

"Nionyeshe kiwanda cha sabuni, mwaka wa mgomo."

Skrini ikaonyesha sifuri, wiki tatu mfululizo. Mzee akacheka mpaka miwani ikamtoka.

"Mmeua kiwanda kizima, mwanangu! Mimi niliweka kistari. Kistari maana yake siku hiyo hakuna aliyeuza." Akamwonyesha ukingo wa karatasi, alipoandika kwa penseli bei ambayo wanunuzi walikuwa tayari kutoa.

Meneja akakalia boksi tupu, akatoa kalamu. "Basi nisomee, babu."

Mzee akakohoa, akasimama wima kama zamani.

"Sabuni, Jumatatu. Shilingi saba na senti arobaini."