Kikombe Alichopewa Ndugu Yangu

Baba yangu alikuwa mtunza farasi wa mzungu mmoja, hadi mzungu yule aliporudi kwao. Farasi wake wote waliuzwa isipokuwa jike mmoja wa kijivu, ambaye hakuna aliyemtaka kwa kuwa alikuwa akiuma watu. Baba akapewa. Akaja naye Timbwani, akamjengea banda la makuti nyuma ya nyumba, na majirani wakasema mzee kaingiwa na wazimu.

Mimi ndiye niliyeelewana na farasi yule. Ndugu yangu wa kiume alimwogopa, na Baba mgongo ulikuwa umeshamharibika, kwa hiyo nikafundishwa mimi. Asubuhi nilimkatia majani, nikamchanganyia pumba na chicha ya nazi, kisha nikampanda kabla jua halijawa kali. Baba alilaza magogo ya minazi tuyaruke, naye akisimama kando akisema, "Usimvute kinywa. Mwachie shingo yake."

Maonyesho ya farasi ya kila mwaka yalifanyika upande wa Changamwe. Tulivuka kivuko alfajiri, nimemfunga farasi leso machoni asiyaone maji, tukakata mji mzima kwa miguu. Uwanjani wazungu walikuwa na mahema yao, Wahindi yao, na sisi tukapewa nafasi karibu na choo. Lakini farasi walipoanza kutandikwa, watu walisogeleana kidogo: huyu kaomba brashi, yule kaomba kamba. Msichana mmoja wa kizungu niliyeshindana naye alinishikia farasi nilipokuwa nikifunga viatu. Kiswahili chake kilikuwa jambo na asante tu.

Mwaka wa kwanza nilikuwa wa tatu katika kuruka viunzi. Mwaka wa pili nikawa wa kwanza, na Baba akalia mbele za watu. "Huyu ni mwanangu," aliwaambia hata wasiomsikiliza.

Kisha nikavunja ungo. Ami yangu alikuja, akakaa na Baba barazani kutwa nzima. Alipoondoka, Baba akaniita.

"Abee, Baba."

"Wewe sasa ni mwari. Maonyesho yajayo atapanda ndugu yako."

"Lakini anamwogopa farasi, Baba."

"Utamfundisha."

Nikamfundisha. Siku ya maonyesho nikamsuka farasi singa zake, nikavaa buibui, uso nimeufunika, nikaenda kusimama nyuma ya kamba. Ndugu yangu aliingia uwanjani midomo imemkauka. Farasi akavuka viunzi vyote kama alivyozoea, kijana kamng'ang'ania shingoni. Wakashinda. Ndugu yangu akapewa kikombe cha fedha.

Yule msichana wa kizungu alipita karibu nami. "Jambo!" nilimwita. Akageuka, akatazama huku na huku, akaendelea na safari yake.

Nyumbani wageni walijaa. Nikiwa jikoni namimina chai nilimsikia Baba akisema, "Mwanangu kanitoa kimasomaso!" Ndugu yangu akanifuata kule.

"Dada, nilifumba macho. Wallahi, farasi ndiye aliyejua."

"Kawaambie wao."

"Baba ataniua."

Nikampa sinia la mahamri awapelekee.

Uhuru ulipokaribia, wazungu wengi wakahama na maonyesho yakapwaya. Mimi nikaozwa Junda. Siku moja Baba akaja kwa mume wangu, akamwambia farasi anaumwa, hali kitu, ila huenda akala mkononi mwangu.

"Mzee wangu," mume wangu akamjibu, "mimi nimeoa mke, sikuoa mchunga farasi."

Baba hakubisha. Wakaagana kwa heshima zote, na mimi nyuma ya pazia nikasikia viatu vyake vikienda. Farasi hakumaliza wiki. Aliyeniletea habari ni muuza samaki.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuna mgeni aliyeingia kwake asisimuliwe ushindi wa ndugu yangu, kiunzi kwa kiunzi. Na kama nipo, alininyoshea kidole akasema, "Na huyu dada yake, alikuwa akipenda sana farasi."