Taa Mchana

Ukipishana na wifi yangu barabarani saa sita mchana, utaona taa zake za mbele zinawaka. Najua utakachofanya, kwa sababu kila mtu anakifanya: utatoa mkono dirishani, utafumba na kufumbua vidole kumwambia azime. Ni wema tu. Yeye atakupigia honi moja fupi na kupita zake, taa zinawaka vilevile. Wapo waliomwita mshamba, wapo waliosema macho yamemwisha. Jina lililomganda ni Taa Mchana, na mimi nimechoka kulieleza sokoni, saluni na kwenye foleni ya maji. Kaeni niwaeleze mara moja tu, halafu mniache.

Mimi ni dada wa mume wake. Najua sisi mawifi tuna sifa gani, hamna haja ya kunikumbusha. Lakini huyu nilimpenda tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani. Kaka yetu mkubwa, mzee wa matofali, alimtania kwamba mwanamke anayeshinda na sindano za kuku ataishia kuolewa na jogoo. Akajibu bila kupepesa, "Ndiyo maana nimekuja kwenu, shemeji. Nasikia mnawika sana."

Kazi yake ni kuchanja kuku, kijiji kwa kijiji. Sasa chanjo ni kitu chenye madeko. Ikipata joto inakufa, na ikifa haikuambii: rangi ni ileile, chupa ni ileile. Kwa hiyo anavuta tela dogo lenye friji ndani. Friji linakula umeme wa betri iliyomo humohumo kwenye tela, na betri inachajiwa na gari likiwa linatembea, kwa waya unaopita chini hadi kwenye plagi ya nyuma. Tela lenyewe ni la marehemu baba yetu, urithi wetu sote, na kaka mkubwa alikuwa anamwazima kwa nusu moyo.

Gari lake la zamani tulikuwa tunaliita Bibi. Bibi alikuwa anakohoa, anavuja oili, na mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, lakini friji lilikuwa linagandisha maji. Bibi alipokata roho kabisa, wifi na mume wake walijikamua wakanunua pikapu ya kisasa, inayong'aa, inayolia usipofunga mkanda. Tukaiita Bi Harusi. Na tangu Bi Harusi afungwe kwenye lile tela, friji likaanza kuzima njiani. Wifi aliongeza mabonge ya barafu, yakayeyuka kabla hajafika nusu ya safari.

Nilikuwepo uani kwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, siku watu walipojipanga na kuku wao kwenye matenga. Wifi alifungua friji, akatazama kipimajoto. Halafu akaanza kumwaga chanjo shimoni, chupa baada ya chupa, mbele ya macho ya watu wote.

"Mama, unafanya nini?" mwenyekiti akapiga kelele. Ni mwanamke mwenye mabanda makubwa kuliko ya mtu yeyote pale. "Chanja tu! Joto kidogo litafanya nini?"

"Litanifanya mwongo," wifi akasema, akafungua chupa nyingine.

Haikuwa mara moja tu. Na katikati ya hayo kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, kikaingia, kikapita kwenye mabanda ya mwenyekiti kama moto kwenye nyasi kavu. Kuku hawakuwa wamechanjwa, na lawama haikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mwenye tela. Mwenyekiti akamwambia waziwazi: kikundi kitampa siku moja tu tena, na asipofika na chanjo baridi watamtafuta mchanjaji mwingine.

Kaka mkubwa akaona nafasi yake imefika. Alikuja sebuleni kwao, akakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba bila kukaribishwa, na mdogo wetu, mume wa wifi, ambaye upole wake utamuua siku moja, akabaki amesimama mlangoni.

"Shemeji," kaka alisema, "nilikukataza kununua lile gari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo wakikurudisha, tela linakuja kwangu kubeba matofali."

Wifi alivua ndala, akanyoosha mguu juu ya kapeti hadi karibu na kiatu cha kaka.

"La mkuu nimelisikia, shemeji. Guu lenyewe hili hapa. Likague."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Kaka hakucheka. Alisema siku hiyo atapanda gari yeye mwenyewe, akashuhudie.

Ikabaki kulitafuta tatizo. Fundi wetu wa umeme wa magari anaitwa Shoti, na ni fundi kweli, si wa kubahatisha. Aliwasha Bi Harusi, akapima kwenye plagi: umeme upo. Akabadilisha fyuzi hata hivyo. Akafungua waya wa ethi unaoshika kwenye chuma cha tela, akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa. Akaweka betri nyingine aliyoazima kwa jirani. Wifi akatoka asubuhi na gari, akarudi, na betri ya kuazima nayo ilikuwa imelala.

"Dada, kipimo changu hakidanganyi," Shoti alisema, mikono kiunoni.

"Na friji langu halidanganyi," wifi akamjibu. "Kwa hiyo kuna mtu wa tatu hapa anatudanganya, na amepakwa rangi nzuri."

Mwanamke huyu ana tabia moja iliyokuwa inaniudhi. Kila akisimama njiani, hata akisimama kununua ndizi, lazima ateremke akatazame kipimajoto, na anasema kwa sauti alichokiona, hata kama hakuna wa kumsikia. Basi kwa kusema hivyo kila siku, akajisikia mwenyewe. Asubuhi baridi ipo kidogo. Mchana hakuna. Jioni, akiwa anarudi nyumbani na tela halina kitu, friji linafufuka na kunguruma kama lina akili timamu.

"Linafanya kazi ukishamaliza kazi," nilimwambia. "Limeajiriwa wapi hilo?"

Nilidhani ni ubaridi wa jioni. Yeye akasema hapana, kwa sababu alasiri moja ilinyesha mvua kubwa, giza likatanda, na friji likanguruma. Nikasema mvua nayo ni baridi. Akatikisa kichwa.

"Wifi, jioni nawasha nini? Kwenye mvua nawasha nini?"

Alikwenda kwa Shoti siku hiyohiyo jua likiwa kali, akamwambia ampimie gari likiwa linatembea, siyo limesimama gereji likijifanya lina adabu. Shoti akakuna kichwa, akavuta waya mrefu kutoka kwenye plagi ya nyuma akauingiza dirishani, akanipa mimi kipimo cha volti nikishike. Tukaondoka watu watatu tumebanana, mimi nikisoma kwa sauti kama karani wa mnada.

"Kumi na nne!" nikasema tulipotoka. Baada ya mwendo kidogo namba ikaanza kushuka. "Kumi na tatu. Kumi na mbili na nusu. Imekaa hapohapo."

"Hiyo haichaji kitu," Shoti akasema.

Wifi akawasha taa.

Namba ikaruka. "Kumi na nne na kitu!" nilipiga kelele hadi Shoti akaziba sikio. Akazima: ikashuka. Akawasha: ikapanda. Akarudia mpaka mkono wangu ukachoka, na kila mara alikuwa anacheka zaidi, mwishowe machozi yanamtoka. Hayakuwa ya kucheka yote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Shoti akasema, na sikumwona akikasirika kwamba hakuwaza yeye. Akatueleza. Bibi alikuwa anapika chungu kizima kila siku, mgeni aje asije, kwa hiyo betri ya tela ilikula ikashiba. Hili gari jipya linabana matumizi. Betri yake yenyewe ikijaa, linapunguza umeme ili lisile mafuta bure, na halijui kabisa kama kuna betri nyingine nyuma inayolia njaa. Ukiwasha taa linadhani nyumba imejaa wageni, linapakua. Pale gereji tulikuwa tunalipima likiwa ndiyo kwanza limewashwa, bado lina ukarimu. Dawa yenyewe ni chaja maalumu inayofungwa kwenye tela, inayojivutia umeme yenyewe. Lakini kuagiza kunachukua muda, na siku ya kikundi ilikuwa imeshafika mlangoni.

"Basi nitakwenda na taa," wifi akasema.

Siku yenyewe jua lilikuwa la kupasua kichwa. Kaka mkubwa alikaa mbele karibu na dereva, mimi nyuma yao na kisanduku cha sindano mapajani. Kila gari tulilopishana nalo lilitupungia vidole. Waendesha pikipiki walituonyesha taa kwa kidole. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani aliachia ndoo mkono mmoja atuonyeshe. Askari wa barabarani alitusimamisha.

"Mama, umesahau taa."

"Sijasahau, afande. Nimeziwasha mwenyewe. Kuna sheria inayokataza?"

Afande alifikiri, akaonekana kutoipata, akaturuhusu. Kaka alikuwa anazama kwenye kiti. Yeye ni mtu wa watu, kila mtu barabara ile anamjua, na kila aliyemjua alikuwa anamcheka. Karibu na sokoni uzalendo ukamshinda. "Unatutia aibu, shemeji!" akasema, akanyoosha mkono na kuzima taa mwenyewe.

Wifi alisimamisha gari palepale, katikati ya barabara, na lori nyuma yetu likaanza kupiga honi. Hakupaza sauti. Akawasha taa tena.

"Shemeji, nilimwaga dawa mbele za watu nikaitwa mwendawazimu. Kuku wa watu wamekufa nikaitwa mchawi. Leo naitwa mshamba, na huo ni mzigo mwepesi kuliko yote, nitaubeba. Chagua. Mkono wako ukae ndani, au wewe ukae nje."

Honi zikaongezeka. Kaka alitazama lori, akatazama watu wa sokoni waliokuwa wanamtazama yeye, akaingiza mkono chini ya paja lake na kuukalia. Aliukalia hivyo mpaka tulipofika, na mimi nyuma nilikuwa nimeuma kitambaa nisicheke.

Uani kwa mwenyekiti matenga yalikuwa machache kuliko zamani. Wifi alifungua friji, lakini hakutazama kipimajoto. Alikitoa akampa kaka.

"Soma wewe, shemeji, maana mimi naitwa mwongo hapa."

Kaka alikisogeza, akakirudisha nyuma, akavaa miwani. Akakisoma kimoyomoyo kwanza, nikamwona. Halafu akasema kwa sauti kwamba baridi ipo, na mwenyekiti akaja kuweka mkono ndani ya friji, akautoa haraka na kuupulizia.

"Haya," mwenyekiti akasema. "Leteni kuku."

Tela halikwenda kubeba matofali. Chaja ilifika baadaye, Shoti akaifunga, na sasa friji linanguruma mchana na usiku, taa ziwake zisiwake. Asubuhi moja nilikuwa uani kwao wifi akijiandaa kutoka, na kaka mkubwa alikuwepo, amekuja kuuliza kama wifi angemchanjia na yeye kuku wake. Jua lilikuwa limeshapanda. Wifi akawasha gari, akawasha na taa.

"Si umeshafungiwa chaja?" kaka akamuuliza, kwa adabu kabisa. "Friji linazihitajia nini tena?"

"Friji halizihitaji, shemeji," akasema, akifunga mkanda. "Nazihitaji mimi. Ndizo zilizonisafishia jina."

Akatoka getini taa zinawaka, na jirani aliyekuwa anafagia akamnyooshea vidole.