Hotuba Kabla ya Mbio

Beldina Aloo hajawahi kutulia kitini tangu azaliwe pale Kaloleni. Kanisani walimpa kazi ya mlangoni, kuwaonyesha watu nafasi, maana akikaa yeye benchi zima linatikisika. Kibanda chake cha mitumba kule sokoni Kibuye hakina hata stuli. Mumewe, Wasike, humtania kwamba siku atakayotulia majirani wataanza kuchanga pesa za jeneza. Mtu wa namna hiyo apewe kazi gani? Wikendi Beldina ni refa wa pembeni. Anakimbia na kibendera chake, anatukanwa na vijana wa rika la wanawe, na anaipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Lakini kibendera hakitolewi bure. Kila mwaka marefa hukimbizwa uwanjani, na anayeshindwa hukaa nje msimu mzima. Mwaka jana Beldina alishindwa. Alikuwa amepasha mwili moto vizuri, amerukaruka, amenyoosha miguu mpaka jasho likamtoka, ndipo wakaamriwa kukaa hemani wamngoje mgeni rasmi. Mgeni alichelewa, kama ilivyo desturi yao, kisha akahutubia kana kwamba analipwa kwa neno. Walipoachiliwa kukimbia, miguu ilikuwa imepoa kama ugali wa jana. Msuli wa nyuma ya paja ulichanika mapema tu. Na hakuna aliyelaumu hotuba! Walilaumu umri wake.

Mwaka huu mwenyekiti wa marefa, Mzee Absalom, alimwambia waziwazi kwamba akishindwa tena asahau kibendera moja kwa moja.

Basi asubuhi ya mbio alipasha mwili moto pamoja na Lornah, refa mwenzake, yule aliyemshika mkono alipokuwa akijifunza kutembea tena baada ya kuumia. Halafu, yale yale: hema, viti vya plastiki, maombi, mgeni akasimama. Beldina aliutikisa mguu chini ya kiti. Alihisi paja linaanza kukaza.

"Lornah, twende nyuma ya hema," alinong'ona. "Miguu inapoa."

"Mzee anatuangalia."

"Wacha aangalie."

"Wewe enda. Mimi siwezi aibisha mgeni."

Beldina akasimama. Mzee Absalom akageuka, macho yamemtoka. "Beldina, bed piny! Kaa chini! Heshima si utumwa, mama."

"Ni kweli, Mzee," alijibu huku akienda zake, "lakini mguu ni yangu."

Watu wakacheka, na mgeni akasahau alipofika. Bahati mbaya alipakumbuka upesi.

Nyuma ya hema Beldina alipiga mguu mbele na nyuma, akachuchumaa, akainuka, akakimbia palepale alipo. Huenda jina lake lilikuwa limeshafutwa kwenye orodha ya wakimbiaji. Aliposikia mgeni akisema "na mwisho kabisa," alianza upya, kwa kuwa mwisho ule ulikuwa na watoto na wajukuu.

Hatimaye kipenga kikalia. Jina lilikuwepo. Alikimbia bega kwa bega na Lornah, mwili wake mwepesi, akaanza hata kufurahi. Walipoingia kona akasikia, "Uwi!" Hakuhitaji kutazama. Aliijua sauti ile, iliwahi kutoka kinywani mwake. Lornah alikuwa chini, ameshika paja.

Moyo ulimwambia arudi. Lakini anayesimama ameshindwa, na Beldina hakusimama. Alimaliza mbio akilia.

Mzee Absalom alimpa kibendera. Beldina alikipachika kiunoni, akachota barafu kwenye ndoo ya soda za mgeni bila kumwomba mtu, akampelekea Lornah pale nyasini.

"Si ungenivuta," Lornah alisema, amefumba macho.

"Ungekataa."

"Ungenivuta tu kwa nguvu, Beldina."

Alikaa kando yake, akamfunga barafu kwa leso. Hapo mgeni rasmi akaanza kuondoka, na uwanja mzima ukainuka kumuaga. Mzee Absalom akampungia Beldina mkono kwa hasira: simama! Beldina alimwona vizuri. Aliendelea kukaa, ametulia kabisa, mkono wake juu ya paja la Lornah.